Vitenzi vya Kiingereza vielezwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Mbagala Rangi Tatu. Kinachonilisha ni kuchapa barua za maombi ya kazi. Wiki iliyopita alikuja kijana na barua yake aliyoiandika kwa mkono, mwandiko safi wa kupendeza. Mstari wa tatu ulisema: "I work hardly." Alikusudia kusema anachapa kazi kwa bidii. Lakini "hardly" ni "kwa nadra sana", karibu na "hapana", na mwajiri akisoma pale anamwona mtu asiyefanya kazi.

Kosa lile lina chanzo. Shuleni alifundishwa kwamba kielezi hupatikana kwa kubandika "ly" mwishoni: "quick" inakuwa "quickly", "slow" inakuwa "slowly". Hakuambiwa kwamba "hard" na "fast" hubaki vilevile, wala kwamba "good" huiachia nafasi "well". Na hili la mwisho Mswahili angelishika siku hiyo hiyo! Hatusemi mtoto mzuri anasoma mzuri. Tunasema anasoma vizuri. Ile "vizuri" ndiyo "well".

Vitenzi ndivyo vinavyoniumiza zaidi, kwa sababu nina binti kidato cha kwanza. Miaka saba amesoma karibu kila somo kwa Kiswahili, sasa karibu yote yamegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Daftari lake lina orodha ndefu ya vitenzi kwa mpangilio wa alfabeti, na kazi aliyopewa ni kukariri. Anaitaja yote bila kukosea: "go, went, gone". Kisha anaandika "I did not went."

Nilikaa naye jikoni, nikamuuliza: "Kukanusha 'nilikwenda' unasemaje?" Akajibu, "Sikwenda." Nikamuuliza kwa nini hasemi "sikulikwenda". Akacheka, akasema hakuna anayeongea hivyo. Nikamwambia Mwingereza naye ndivyo anavyoona. "Did" imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo: "did not go". Tukaendelea: "niliandika" ni "I wrote", "nimeandika" ni "I have written". Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, mbona hawakutuambia hivyo?"

Sina la kumjibu. Mwalimu wake ana darasa lililofurika na simlaumu. Ninachoomba kwa wanaopanga masomo ni kwamba mwalimu wa Kiingereza, hasa muhula wa kwanza, awe huru kueleza kanuni kwa Kiswahili bila kuonekana amekosea. Na ile orodha ipangwe kwa sauti, alfabeti iwekwe kando. "Sing, sang, sung" ikae na "ring" na "drink". "Teach, taught" ikae na "catch, caught". "Cut" na "put", zisizobadilika kabisa, zipewe ukurasa wao. Mtoto akisikia mlio mmoja anaukumbuka wa pili.

Nawe Mhariri, nakuomba utenge pembe ndogo gazetini kila wiki, vitenzi vitano tu, vikiwa na sentensi zake na maelezo kwa Kiswahili. Nitaukata ukurasa huo niubandike ukutani dukani, pale wanaposimama kusubiri barua zao.

Mama mwenye steshenari,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam