Barua kwa Rashidi, kabla mabeilifu hawajafika

Kwako ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Ujumbe wako wa sauti wa juzi niliusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilisikia jambo ambalo mwanzoni lilinipita: ulisema barua ya mabeilifu, hao wanaotumwa kuchukua mali ya mwenye deni, kuhusu deni lako la kodi ya halmashauri, imekaa juu ya friji tangu siku iliyofika, na kwamba hukuisoma hadi mwisho kwa sababu unajua kilichomo. Ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, ili maneno haya uwe nayo mkononi na uyasome taratibu ukitoka zamu.

Naomba uichukue barua hiyo sasa, uitoe yote kwenye bahasha, na utazame tarehe. Hiyo ndiyo notisi ya utekelezaji, na sheria za hapa, yaani za Uingereza na Wales, zinataka upewe siku 7 kamili, bila kuhesabu Jumapili wala sikukuu za umma, kabla beilifu hajaruhusiwa kuja kuchukua mali yako. Siku zilizobaki si nyingi, lakini zipo, na katika siku hizo bado unaweza kuzungumza na halmashauri au na kampuni ya mabeilifu kuhusu malipo ya kidogo kidogo huku gari likiwa bado linatembea. Hata gharama zinafuata hatua hizo. Mwaka 2022, yaliponikuta mimi, barua peke yake iliongeza pauni 75 juu ya deni, na beilifu alipofika nyumbani kwa mara ya kwanza ziliongezeka pauni 235 nyingine. Kumzuia asifike ni kuokoa fedha ambazo zingelipa sehemu nzuri ya deni lenyewe.

Sikuwahi kukusimulia yote ya asubuhi ile, kwa sababu niliona aibu. Ilikuwa saa 12 na nusu, kungali giza, nikasikia chuma kikigonga lami. Nilipofungua pazia nilimwona mtu amepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, anakaza klampu ya manjano, kile chuma cha kufunga gurudumu gari lisitembee, na kwenye kioo alikuwa amekwisha kubandika karatasi ya onyo. Hakuwa amegonga mlango. Nilishuka nikitetemeka, nikamwuliza kwa nini hakubisha hodi, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba gari liko barabarani na hakuhitaji ruhusa yangu kulifikia. Na kweli, ndugu yangu, sheria inamruhusu kuanza kazi saa 12 asubuhi na kuendelea hadi saa 3 usiku.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote. Watu wengi wetu tunapoogopa mabeilifu tunaogopa mlango, tunafikiria televisheni na makochi, ilhali kwa deni la kodi ya halmashauri kama lako beilifu haruhusiwi kuvunja mlango, haruhusiwi kupita dirishani, wala kukusukuma ili apite. Akiingia ndani ni kwa sababu mlango haukufungwa au kwa sababu wewe au mtu mzima mwingine amemkaribisha, na akishaingia hivyo mara moja, akaorodhesha vitu nawe ukasaini mkataba wa malipo, ukikosa kulipa anaweza kurudi baadaye akaingia kwa nguvu. Kwa hiyo zungumza naye kupitia dirisha la juu, na umwambie apitishe karatasi zake kwenye tundu la barua. Lakini gari halina mlango wa nyumba wa kulilinda. Likiwa barabarani au mbele ya nyumba unayoishi, analifunga wakati wewe umelala.

Basi liondoe hapo leo. Kuliegesha mahali pengine kabla halijafungwa si kosa. Liweke kwenye gereji inayofungwa, au kwenye uwanja wa mtu mwingine aliyekupa ruhusa, maana beilifu hawezi kwenda kulichukua katika eneo la mtu baki bila amri ya mahakama. Usiliache mtaa wa pili barabarani ukidhani umelificha, kwa kuwa baadhi yao huzunguka na kamera zinazosoma namba za magari.

Ila usije ukaliandikisha kwa jina la kaka yako. Najua umelifikiria, kwa sababu na mimi nililifikiria. Tangu notisi ilipotolewa, mali yako imefungamana na deni hilo, na kumpa ndugu gari sasa hivi hakumwondolei beilifu haki yake. Kutakuongezea tu mashaka pale utakapohitaji kuaminiwa. Mimi nilisaidika kwa suala la umiliki kwa sababu lilikuwa la kweli. Gari lilinunuliwa na shemeji yako kwa akiba yake, ingawa hati ya V5C, yaani hati ya usajili wa gari, ilikuwa na jina langu, na hati hiyo yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha tu nani ni mtunzaji aliyesajiliwa. Shemeji yako alishuka ngazi amejifunga kanga juu ya koti, mkononi ana bahasha ya kaki yenye risiti ya ununuzi, akamwonyesha beilifu na taarifa ya benki kwenye simu, tarehe na kiasi vikilingana. Yule bwana akapiga picha vyote viwili, akaenda kukaa ndani ya gari lake kuzungumza na ofisi yake, na baada ya karibu dakika 50 akaja kufungua klampu. Kama angekataa, shemeji yako angelazimika kupeleka dai la umiliki kwa maandishi, mapema iwezekanavyo na si zaidi ya siku 7 baada ya gari kuondolewa.

Wewe gari ni lako na umelimaliza kulilipia, kwa hiyo njia hiyo huna. Unayo nyingine, na naiona nzuri. Vifaa ambavyo mtu anavihitaji yeye mwenyewe kwa kazi yake, magari yakiwemo, havichukuliwi ikiwa jumla ya thamani yake haizidi pauni 1,350. Mtu anayeendesha gari kwenda ofisini na kurudi ni vigumu kudai hivyo, kwani anaweza kupanda basi. Wewe unazunguka nyumba kwa nyumba usiku kuwahudumia wazee, unabeba vifaa, na ratiba yako inakutaka uwe na gari. Waombe wasimamizi wako barua inayosema waziwazi kwamba huwezi kuifanya kazi hiyo bila gari, kisha tafuta matangazo matatu au manne ya magari ya aina na mwaka kama lako, yenye maili zinazokaribiana, uyahifadhi kama ushahidi wa bei. Vitume vyote viwili kwa kampuni ya mabeilifu na kwa halmashauri kwa barua pepe, ili viwe na tarehe, kabla mtu hajafika.

Sasa deni lenyewe. Beilifu ni mkono tu. Halmashauri ndiyo iliyomtuma, na mara nyingi kosa huwa liko huko ilikoanzia. Deni langu mimi lilikuwa faini ya maegesho ambayo barua zake zote zilipelekwa nyumba niliyokuwa nimehama, na lilikwisha pale nilipojaza fomu TE7, ya kuomba kujibu kwa kuchelewa, na TE9, ya maelezo yangu yenyewe, bila ada yoyote, nikazituma kwenye kituo cha utekelezaji wa makosa ya barabarani kilichopo Northampton. Amri ikafutwa na ada za beilifu zikaondoka nayo. Fomu hizo si za kodi ya halmashauri, usihangaike nazo. Lakini nimekaa nikijiuliza juu ya deni lako: tangu kaka yako alipohama, si wewe ndiye mtu mzima pekee katika nyumba ile? Watoto hawahesabiwi. Mtu mzima anayeishi peke yake anastahili punguzo la asilimia 25, na anaweza kuomba lihesabiwe tangu tarehe ambayo hali yake ilibadilika. Ikiwa hukuwahi kuwaarifu, basi wanakudai zaidi ya unachopaswa kulipa, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuwaeleza kesho asubuhi, pamoja na kuwaomba walirudishe deni kwao wakati wanalikokotoa upya. Uwaambie pia juu ya dawa za moyo ulizoanzishwa, kwa sababu sheria inatambua kwamba mtu mwenye hali dhaifu lazima apewe nafasi ya kutafuta msaada na ushauri kabla ya kutozwa ile ada kubwa na kunyang'anywa mali.

Wakikujibu kwa ukali, usikate simu ukaacha hapo. Kuna utaratibu ulioanza tarehe 4 Mei 2021 ambao unakupa siku 60 za kupumua, na katika siku hizo mabeilifu wanatakiwa kusimama. Huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima upitie kwa mshauri wa madeni. StepChange, National Debtline na Citizens Advice wote wanatoa ushauri bure. Mimi nilichelewa kuwapigia kwa kuona haya, na nilipopiga nilizungumza na mama mmoja aliyenisikiliza kwa muda mrefu bila kunihukumu hata kidogo.

Na kama atakuja kabla hayo hayajakamilika, mwombe kitambulisho na hati inayompa mamlaka, kwani analazimika kuonyesha ukiomba. Washa simu urekodi. Akifunga klampu, usiikate wala usijaribu kuivua, hata ukiwa na hasira kiasi gani, kwa sababu hilo ni kosa la jinai. Gari likishafungwa hatakiwi kuliondoa kabla ya muda wa saa 2 kupita, isipokuwa umekubali mwenyewe, na saa 2 hizo zinatosha kupiga simu na kutuma ushahidi. Anaweza kukupa mkataba wa kusaini ili gari libaki kwako huku unalipa kila mwezi. Usisaini kiwango usichokimudu, maana ukikosa malipo atarudi kulichukua. Hata likichukuliwa halipigwi mnada siku hiyo. Lazima zipite angalau siku 7 kamili.

Nimeshazungumza na shemeji yako, naye ameridhia: gereji yetu ina nafasi, tumeondoa baiskeli na makabati. Lete gari leo ukitoka zamu, hata ikiwa usiku wa manane, ufunguo wa gereji utaukuta chini ya chungu cha maua upande wa kushoto. Nipigie picha kurasa zote za ile barua, za nyuma pia, unitumie. Jumamosi sina kazi, nitakuja tukae mezani na hesabu zako tuandike barua ya halmashauri pamoja, na asubuhi ya Jumatatu nitakupeleka mimi kwenye zamu yako.

Ni mimi ndugu yako,

Idi