Shoga, nimlipishe Mwalimu?

Makorora, Tanga
Jumanne usiku

Shoga yangu Mwana,

Asalaam aleykum. Hujambo, watoto hawajambo, mama kiuno kimeachia? Sie huku wazima, kusi limeshaanza, alfajiri baridi mpaka unajifunika leso mbili. Bi Mkubwa anakusalimu na anasema ile doti uliyomuahidi bado anaisubiri. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Zuhura, nisamehe, tutagombana tukionana. Leo nina jambo limenikaa kooni na hapa nyumbani kila nikilitoa naambiwa nimekuwa na tamaa.

Ni Mwalimu. Mwalimu wetu wa Hesabu, yule wa baiskeli ya Phoenix. Amenipigia leo asubuhi.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Si unajua tangu mwaka jana sipandi tena kila paa, jua la saa saba juu ya bati limenichosha, halafu watu wengi siku hizi wanataka kufunga sola wenyewe, wanaangalia video YouTube, wanaingia dukani, wanapanda ngazi. Sikuwapinga, mtu kujua nyumba yake ni jambo zuri. Nikasema basi mie ntauza ninachokijua. Naenda kwa mtu kabla hajanunua hata waya, nakaa nae, naandika kwenye daftari anawasha nini na saa ngapi, nageuza friji nisome nyuma inakula wati ngapi, napima kwa tepu kutoka paa mpaka betri itakapokaa, natoka nje saa tatu na saa tisa niangalie kivuli cha mwembe kinafika wapi. Halafu namwandikia karatasi, nunua hiki cha ukubwa huu, waya wa unene huu, fyuzi ikae hapa karibu na betri, na mchoro. Anafunga mwenyewe, narudi kukagua kabla hajawasha. Elfu thelathini mara ya kwanza, elfu ishirini kukagua. Sehemu moja tu simruhusu mtu kugusa, inveta, kile kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kuunganishwa na waya za nyumba zenye umeme wa Tanesco, hapo aitwe fundi mwenye leseni, maana nilishakuta mtu kachomeka inveta kwenye soketi ya ukutani na meni swichi haijazimwa, umeme unarudi mpaka kwenye nguzo, mtu wa laini akipanda siku hiyo ni msiba.

Sasa watu wananiambia nini, Mwana? "Maneno tu elfu thelathini?" Fundi akipiga nyundo wanalipa, akifikiri hawalipi. Hata Bi Mkubwa alisema elimu haiuzwi, nikamwambia mama ada ya VETA ulilipa nini basi, akanyamaza ila hakukubali.

Mwalimu alikuwa mmoja wao. Mwezi wa pili alinisimamisha pale Ngamiani, akaniambia anataka kuweka sola kwa kiinua mgongo chake kilichobaki, friji, TV na taa, nikamweleza bei ya kuja kumpimia. Akacheka, akasema mwanangu hesabu mie ndo nilikufundisha. Kweli alinifundisha. Nikaona aibu kumbembeleza, nikamtakia kheri, nikapanda bajaji.

Wiki iliyopita akaniita. Nimefika Mikanjuni, Mwana, ungeiona ile kazi ungelia. Paneli moja kubwa ya wati 450 imekaa sawa kama imepigwa rula, nati zote kapaka rangi zisishike kutu na chumvi ya bahari, kila waya kaufunga kikaratasi kaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, CHANYA, HASI, KWENDA BETRI. Kontrola, ile inayopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, na betri yenyewe, vyote viko kwenye kabati kalitoboa matundu ya hewa. Na risiti kaitia kwenye mfuko wa nailoni kaitundika kwenye msumari. Ila friji inazima kila usiku saa sita.

Nikaweka mita saa sita mchana, jua limewaka hakuna wingu. Ampea 10, volti 13. Zidisha mwenyewe. Wati 130 na paneli ni 450!

Dukani walimuuzia kontrola ya bei rahisi, zile PWM, ambazo zinaishusha paneli mpaka ifanane na volti za betri, na paneli kubwa kama ile inafanya kazi yake kwenye volti 41 hivi, kwa hiyo zile volti zote za juu zinapotea bure, zaidi ya theluthi mbili ya alichokinunua haifiki kwenye betri. Angehitaji MPPT ya ampea 40, kontrola ya aina inayozigeuza zile volti za juu ziwe ampea za betri, basi. Na nilipoigeuza ile kontrola nikaona imeandikwa mwisho volti 50, paneli yake ikiwa haina mzigo inatoa 49, nywele moja tu ingeungua. Akanionyesha daftari lake. Kapiga 450 mara masaa 5 ya jua, kapata 2,250, yaani uniti 2 na robo kwa siku, kaandika friji uniti 1, TV na taa nusu, inabaki akiba. Hesabu sahihi kabisa, kapigia mstari mara mbili chini. Akaniuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu Mwana. Hajakosea. Kuna kitu kimoja hakuambiwa na aliyemuuzia, na mie nilikuwa nakijua, nimekwenda zangu na bajaji.

Duka halirudishi hela, wamemwambia kontrola imeshafungwa ukutani. Na hilohilo duka, usimwambie mtu, lilishaniita likaniambia nikiwapelekea wateja watanipa kamisheni kwa kila paneli. Nilikataa. Nikichukua ile hela karatasi yangu inageuka tangazo lao, mtu ananilipa nimwambie kweli halafu nakula pia upande wa pili, haiwezekani. Lakini kodi ya chumba imepanda na nisikufiche, kuna usiku nilihesabu.

Haya, sasa kaka yako Shabani. Umeniandikia kwamba Jumamosi anakwenda Kariakoo kununua "seti kamili". Mzuie! Kwanza muulize seti kamili ya kuwasha nini. Hizo seti nyingi betri ni moja ya ampea 100, volti 12, ikijaa ni uniti 1 na kidogo, na hizi za asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo ana nusu uniti ya kutumia usiku. Kwa taa na simu anakula raha, kwa friji atalia. Pili, aende na tepu. Jua kali kabisa linaleta wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba na paneli nzuri inakamata kama 200 hivi, sasa mtu akimwonyesha paneli ya mita moja kwa sentimita 67 imeandikwa wati 250, apime mbele yake, azidishe, ile haifiki hata 150, hata ibandikwe lebo ya dhahabu. Juzi nilimpimia hivyo mama mmoja wa Sahare anayeuza samaki, muuzaji akaanza kutafuta kalamu ambayo haikupotea.

Na ile nyumba yake ya Mlingotini, umesema betri itakaa stoo na paneli juu ya banda, kama mita 15? Akitumia ule waya mwembamba wa soketi, wa milimita za mraba 2.5, kwenye volti 12 akivuta ampea 20 njiani zinapotea volti 4, betri haitajaa milele na atailaumu paneli. Aende volti 24 na waya mnene. Asiweke juu ya makuti, kiungo kikilegea kikitoa cheche nyumba imekwenda. Na minazi! Umwambie nazi moja tu ikidondoka kioo kimekwisha, na hata kuti likitia kivuli pembeni linapunguza paneli nzima. Aziweke ziangalie kaskazini, yaani huku kwangu Tanga, na azilaze kidogo tu, kama digrii 10, mvua ioshe vumbi.

Unaona, nimeshampa nusu ya karatasi bure, ni kaka yako. Ila ndo hapo ninapojikuta narudi kwa Mwalimu tena. Leo asubuhi amenipigia kasema, "Njoo uniandikie yote, na hiyo elfu thelathini ntakupa, ni haki yako." Kwa sauti ileile ya kusahihisha madaftari. Nimesema ntapita Ijumaa baada ya sala, nikakata simu nikakaa kitandani. Nikichukua naona nachukua kwa mtu aliyeshaumizwa. Nisipochukua, nimemwambia yeye na mtaa mzima kwamba kumbe kweli yalikuwa maneno tu. Na kinachoniuma zaidi ni siku ile ya Ngamiani, hivi mtu anadai bei yake halafu anaondoka hata bila kusema Mwalimu angalia kontrola... neno moja lile lingenipunguzia nini?

Wewe ndo nimekufikiria, kwa sababu unawakatia watu vitambaa wakashone wenyewe nyumbani na wanakulipa ukataji tu, wala hawasemi ni mkasi tu. Ulianzaje? Ulimtoza nani wa kwanza, na akija jamaa unafanyaje? Mwalimu nimlipishe zote, au nichukue ya kukagua tu, au niichukue nimwekee kwenye ile MPPT bila yeye kujua? Au atagundua, maana yule anahesabu kila kitu? Na kaka Shabani atanilipa au atasema mie ni dada yake? Mama anatumia ile dawa ya kuchua au kaacha? Na unakuja lini, Mwana, au mpaka afe mtu?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa voisi. Na Jumamosi asipande gari la Kariakoo kabla hajaongea na mie.

Ni mie shoga yako,
Mwajuma