Madoa Meusi Usoni: Kwa Nini Hatuna Krimu ya Siku Saba

Mteja wetu mmoja alirudi kituoni katika wiki ya tano ya matibabu akiwa amekasirika. Alisema tumekula fedha zake bure, kwa kuwa madoa ya mashavuni yalikuwa palepale, ilhali rafiki yake alikuwa ameng'aa kwa siku saba kwa krimu ya kopo lisilo na lebo, tena kwa sehemu ndogo tu ya bei yetu. Lalamiko hili tumelisikia mara nyingi, na kila anayelitoa anastahili jibu kamili.

Weusi wa ngozi hutokana na melanini, yaani rangi inayotengenezwa na seli zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, ambazo huigawa kwa seli jirani. Seli hizo zikichokozwa na jua, homoni, chunusi au hata kucha za mtu anayejikuna, hutoa rangi kupita kiasi, na rangi hiyo haiondoki mpaka seli zilizoibeba zipande juu na kubanduka zenyewe. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban siku 28, na umri ukisogea huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu wa wiki ya tano amebadilisha ngozi mara moja tu. Rangi ikiwa imezama hadi tabaka la ndani, doa huelekea kijivu au samawati badala ya kahawia, na hapo tunahesabu miezi mingi. Taa ya zambarau tunayokumulikia katika chumba chenye giza hutusaidia kukisia kina hicho, ingawa kwa ngozi nyeusi sana haisemi yote, na ndiyo sababu tunakuuliza maswali mengi kabla ya kugusa uso wako.

Tunauliza kuhusu mimba na vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu melasma, ile inayotanda mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo, huchochewa na homoni pamoja na jua. Hiyo hudhibitiwa, lakini ukiacha kujikinga inarudi. Isitoshe, zipo dawa ambazo mjamzito hapaswi kuzitumia kabisa. Madoa ya chunusi hufifia vizuri, mradi chunusi zenyewe zikome na uache kuzikamua. Anayekuja na shingo nyeusi iliyonenepa na kuwa laini kama mahameli tunamtuma kwanza akapime sukari, na mwenye doa jipya linalobadilika kwenye unyayo au chini ya ukucha tunamwelekeza kwa daktari siku hiyohiyo, bila kumuuzia chochote.

Sasa kuhusu lile kopo. Mkorogo unaong'arisha kwa wiki moja mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi) isiyojulikana kipimo chake, au zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Steroidi huleta uso mzuri mwanzoni, na hilo hatulikatai. Baadaye ngozi hukonda, vipele hujaa, na siku unapoiacha uso huwaka, huwasha na kurudi mweusi kuliko awali. Haidrokwinoni ni dawa nzuri ikitolewa kwa asilimia 2 hadi 4, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi, lakini ikipakwa kwa miaka inaweza kuleta okronosisi, yaani weusi wa samawati unaokaa ndani ya ngozi na ni mgumu kuondoka. Tulimpokea mama mmoja aliyetumia makopo hayo kwa miaka mitatu. Uso wake ulikuwa mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, mishipa myembamba myekundu ilionekana pembeni mwa pua, na juu ya mashavu kulikuwa na chembe za rangi ya samawati nyeusi, ndogo kama punje za ulezi. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, tukamhudumia kwa miezi 14, na baadhi ya chembe zile ziko hadi leo.

Bei yetu inaonekana kubwa kwa sababu unalipia kazi usiyoiona. Kila dawa tunaijaribu kwanza nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Asidi ya kubandua ngozi tunaianza kwa nguvu ndogo, kwa maana ngozi nyeusi ikiunguzwa huacha doa jingine. Kila baada ya wiki nne tunapiga picha mahali palepale, kwa mwanga uleule, ili wewe na sisi tusibishane kwa kumbukumbu.

Yule mteja wa wiki ya tano tulimwomba atuoneshe vitu anavyopaka. Kichupa cha losheni ya kukinga jua tulichompa siku ya kwanza, ambacho kingepaswa kuisha ndani ya mwezi, kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu. Alikuwa akiipaka siku za jua kali tu, na usiku alijisugua kwa maji ya ndimu, ambayo mabaki yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuleta weusi mpya. Losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua) huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, lakini kwa kipimo kamili: mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, kila asubuhi, na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mwenye melasma anahitaji ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida humchochea, na miale ya UVA, aina nyingine ya miale ya jua, hupita kwenye kioo cha dirisha.

Aliacha ndimu, akamaliza kichupa, na picha ya wiki ya 12 aliichagua mwenyewe ili tuwaoneshe wateja wengine. Ukija kwetu mara ya kwanza, njoo uso ukiwa umeoshwa bila vipodozi, na ulete kila unachopaka, pamoja na lile kopo lisilo na lebo.