Barua kwa mwanangu: Hata Nebukadreza aliitwa mtumishi

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Hapa nyumbani hatujambo, bibi yako anakusalimu sana. Swali lako si la kujibiwa kwenye simu huku salio linakatika, ndiyo maana nimeamua kuandika. Unasema mwenzako wa bwenini amekuambia kwamba Mungu ndiye anayeweka watawala, kwa hiyo anayemkosoa kiongozi anashindana na Mungu. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili inaniuma, kwa sababu Biblia yenyewe inaikataa.

Fungua Yeremia 25. Mungu anamwita Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mtumishi wake. Fikiria hilo: mpagani, ambaye jeshi lake ndilo lililokuja kulichoma hekalu la Yerusalemu! Mwenzako angeishia hapo. Wewe shuka mistari mitatu tu: miaka 70 itakapotimia, Mungu huyohuyo atamwadhibu mfalme wa Babeli kwa uovu wake. Kutumiwa na Mungu hakukumfanya awe mwema. Aliyempa kiti ndiye atakayemdai hesabu ya namna alivyokikalia. Walio karibu na wakubwa hupenda sana kuhubiri la kwanza na kulimeza la pili.

Mwangalie Danieli sasa, maana yeye alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Mfalme anaota mti mkubwa unakatwa, na Danieli anajua mti huo ni mfalme mwenyewe. Sura ya 4 inasema alishikwa na bumbuazi, akatamani ndoto ile iwe ya adui za mfalme. Hakuwa anamchukia bosi wake. Lakini alimwambia usoni: acha dhambi zako, tenda haki, wahurumie maskini. Hakumtukana, wala hakumpamba. Miezi 12 ikapita, mfalme akawa anatembea katika jumba lake, akasema huu si Babeli mkuu nilioujenga mimi? Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua huko matofali mengi yaliyopigwa mhuri wa jina la Nebukadreza, kwa hiyo majigambo hayo yanamfaa kabisa. Neno lilikuwa bado kinywani, sauti ikatoka mbinguni, na mwenye matofali akala majani kama ng'ombe mpaka alipokiri kwamba Aliye juu ndiye anayetawala.

Fahari ya wakubwa hupita, hata huku kwetu. Wewe mwenyewe uliiona Husuni Kubwa, lile jumba la kale, shule ilipowapeleka Kilwa Kisiwani. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, alijenga vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea, juu ya mwamba unaotazama bahari, enzi ambayo dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa Kilwa. Jumba halikumalizika. Mwaka 1505 Wareno wakaupora mji. Mjerumani naye akajenga boma lake Mikindani mwaka 1895, na leo wageni wanalipia vyumba kulala humo. Sisemi Sultani yule aliondolewa kwa dhambi fulani. Hilo halikuandikwa, na atakayekueleza kwa uhakika anajitungia.

Halafu kuna Koreshi, mfalme wa Uajemi. Isaya 45 inamtaja kwa jina, na inasema wazi kwamba hakumjua Mungu. Mwaka 539 KK aliiteka Babeli, akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Mwaka 1879 ilifukuliwa Babeli silinda ya udongo yenye maneno yake, na humo ushindi wote anamshukuru Marduki, mungu wa Babeli! Mimi hapo imani yangu huongezeka badala ya kupungua. Mungu hakungoja mfalme amtambue ndipo amtumie kuwafungulia watu wake njia.

Kuhusu ile video ya nabii anayetaja nani atashinda na nani atakufa, usiisambaze tena. Soma habari za Hanania, nabii wa uongo, katika Yeremia 28. Alitangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, akaivunja hata ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Watu lazima walifurahi. Yeremia mwenyewe alisema amina, Bwana na afanye hivyo, maana naye alitamani amani. Lakini alijua neno lile halikutoka kwa Mungu, na Hanania akafa mwaka uleule. Nabii anayewaambia watu kile tu wanachotaka kusikia apimwe mara mbili.

Kwa hiyo kapige kura yako, baba. Waombee viongozi, hata usiyemchagua, na ukiona mnyonge anaonewa sema, kwa adabu uliyolelewa nayo. Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli wautakie amani mji ule, wajenge nyumba, wapande bustani. Barua hiyo iko sura ya 29. Isome yote pamoja na mwenzako, maana siku hizi watu wanauchomoa mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani, peke yake, kisha unipigie Jumapili baada ya ibada mniambie mmefika wapi. Korosho zako nimemkabidhi kondakta wa basi la kesho, namba ya risiti nitakutumia.

Mama yako