Barua kwa Baba: nyumba ya chokaa huku Leicester

Leicester, Uingereza

Kwa Baba mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, mkweo anakuamkia sana, na khofu yetu ni juu ya goti lako, maana Mama kwenye simu hasemi kitu ila "anaendelea". Barua hii inakuja kwa mkono wa kijana wa Malindi anayerudi likizo. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea husema "haya, huyu hapa mama yako", na ninayotaka kukuuliza safari hii Mama hayajui.

Habari ya nyumba umekwisha kuipata, na najua ilivyofika: shangazi ametangaza mtaa mzima kwamba tumenunua gofu kwa pesa ambazo zingesimamisha ghorofa Fuoni. Gofu ni kweli. Ndiyo sababu tumelipata kwa pauni 182,000, bei ambayo nyumba iliyokwisha tengenezwa mtaa huu huu huipati. Mwambie shangazi kiwanja cha Fuoni kipo na hakijauzwa. Ila kodi ya flati tuliyokuwamo ilikuwa ikipanda kila mwaka, na mwenye nyumba hata bomba linalovuja hatengenezi.

La riba mtulize Mama. Hapa zipo taasisi zinazonunua nyumba pamoja nawe kwa ushirika: sisi tumetoa asilimia 20, wao zilizobaki, na kila mwezi tunalipa kodi ya fungu lao na wakati huo huo tunalinunua fungu lenyewe kidogo kidogo mpaka liishe. Zamani mpango huu uliwaumiza watu, kwa sababu nyumba ikihesabiwa imeuzwa mara mbili, ushuru nao ulilipwa mara mbili. Sheria ya mwaka 2003 ikaliondoa hilo. Si rahisi kuliko mkopo wa benki za kawaida, wala sitakudanganya kuwa ni rahisi, lakini tunalala.

Kilichotutoa roho ni kungoja. Uingereza mkikubaliana bei bado hamjakubaliana kitu. Mpaka mawakili wa pande zote mbili wabadilishane mikataba, muuzaji anaweza kumpa nyumba mwingine aliyeongeza dau, na wewe umekwisha kumlipa mkaguzi na wakili. Nyumba moja ilituponyoka hivyo hivyo. Basi hii tuliposhika funguo mkweo alikaa kwenye ngazi, koti mwilini, akacheka peke yake.

Nyumba ni ya matofali mekundu, ya miaka ya 1890, imeshikana na wenziwe kushoto na kulia kuanzia kona hadi kona. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu, kazi zilizoutajirisha mji huu. Chini vyumba viwili na jiko, na bafu limebandikwa nyuma ya jiko, kwa hivyo mgeni akitaka kuoga hupita kwanza kwenye masufuria. Choo kilikuwa uani. Kibanda chake bado kimesimama, mkweo anatia baiskeli. Umeme na boila hatukugusa. Gesi huku haruhusiwi kuishika ila fundi aliyeandikishwa kwenye daftari la Gas Safe, na umeme tulimpa mwenye cheti chake. Pesa nyingi zimekwenda huko, na hakuna cha kuonyesha, maana waya ziko ndani ya ukuta. Dari la chumba cha juu lilikuwa limepakwa ile rangi nzito ya mawimbi mawimbi, tukapeleka kipande maabara kabla ya kukwangua, kwa sababu asbesto, nyuzi zinazoumiza mapafu zilizokuwa zikitiwa humo, haikupigwa marufuku kabisa nchi hii mpaka 1999. Alhamdulillahi, haikuwamo.

Sasa nije kwenye ukuta. Chumba cha mbele kilikuwa kimelowa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Ukibonyeza karatasi ya ukutani inarudi pole pole, na nyuma yake chumvi imetoka nyeupe. Kampuni moja ikaja kupima bure. Kijana akachomeka kijidude cha sindano mbili, kikalia, akasema maji yanapanda kutoka ardhini, itobolewe chini ya ukuta, ipigwe dawa, kisha lipu ngumu juu yake: pauni 4,600. Mtu anayepima bure na dawa anauza yeye mwenyewe, jawabu lake unalijua kabla hajabisha hodi. Na kidude kile kimetengenezwa kupimia mbao. Kwenye ukuta wenye chumvi kitalia tu.

Nikafanya ulivyokuwa ukifanya kwenye kazi zako za chokaa Mkunazini, Mji Mkongwe. Nilingoja mvua, nikatoka nje na mwavuli nikautazama ukuta. Mlizamu ulikuwa umepasuka kwenye kiungo, maji yote ya paa yanateremka na matofali. Chini, mtu alikwisha mwaga zege la njia mpaka likapita lile tabaka la jiwe linalowekwa ukutani kuzuia maji yasipande, na likaziba matundu ya hewa ya chini ya sakafu ya mbao. Viungo vya matofali navyo vimejazwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Nilisikia sauti yako kabisa: "Wameufunga mdomo."

Jirani wa kulia ndiye aliyenithibitishia. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja. Alifika hapa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke Uganda, na anapenda kusimulia kwamba halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mji huu. Wakaja. Siku ya kwanza aliponisikia nikimgombeza mkweo juu ya ndoo, akainua kichwa kwenye ukuta wa uani: "Habari ya asubuhi, mama! Hiyo nyumba mimi najua, maji yake iko nje, si chini." Zege lile alishuhudia likimwagwa na mwenye nyumba wa zamani. Tangu siku hiyo mkewe hutuletea chapati za methi, yaani majani ya uwatu, na mkweo hana tena haja ya kupika Jumapili, ingawa alikuwa hapiki.

Tumekata zege kando ya ukuta, tukajaza kokoto, tumebadilisha mlizamu, tumefungua matundu ya hewa. Ndani nimeibomoa lipu ngumu kwa nyundo na tindo. Chini ya dirisha kimebaki kipande cha lipu ya asili, chokaa tupu, na nilipokivunja kilining'inia, hakikuanguka: ndani mna nywele za mnyama, nyekundu nyekundu, ndefu kama kidole, zimeshika kila upande. Waliichanganya nywele ili isipasuke. Nimekufungia kipande ndani ya karatasi ya dawa, kijana atakupa. Kivunje mwenyewe uone.

Chokaa hapa hununuliwa. Iko ya ndoo, iliyokwisha zimwa na kulowekwa, laini kama siagi, na iko ya unga kwenye mifuko, inayoganda kwa maji, huitwa kwa namba ya nguvu yake. Nimechukua ya 3.5, sehemu moja kwa tatu za mchanga mkali. Ukuta mmoja nimeumaliza tabaka la kwanza, nikatundika magunia mabichi mbele yake, na mkweo akawa anayanyunyizia kila akirudi kazini. Mapolisi wa afya na usalama wangeniona nimevaa miwani na glavu wangefurahi. Wewe ungeniuliza nakwenda kuogelea wapi. Baridi ndiyo adui. Ikishuka chini ya digrii 5 chokaa haifanyi kazi, kwa hivyo kuanzia Novemba tunasimama mpaka majira ya kuchipua.

Ndiyo maana nataka maneno yako kabla kazi haijafunguliwa tena. Pale lipu ya zamani inapokutana na mpya, ulikuwa unakata wima au unaparuza mshazari? Ukuta wenye chumvi, uliupiga brashi kavu tu, au uliutia tabaka la kutoa kafara, linyonye chumvi, kisha ukalibomoa? Na tabaka la pili, uliujuaje wakati wake? Nakumbuka ulikuwa ukikwangua kwa ukucha, lakini sikumbuki ukucha ulikuwa unatafuta nini. Mafundi wa chokaa wapo huku, ila siku moja ya fundi ni gharama ya wiki yetu ya chakula.

Nimekuwekea mwiko mpya kwenye mzigo, na timazi. Usimpe mtu. Mama nimemtilia pazia za jikoni, aseme rangi kama haipendi.

Usiandike, najua mkono wako. Mwite mjukuu akushikie simu arekodi, useme utakavyo, na pale kwenye saruji usijizuie kwa sababu ya watoto.

Wasalaam,
Mwanao