Barua kwa mwanangu aliyetia saini

Mwanangu mpenzi,

Nimesikia kuna ndugu waliokukalisha chini wakakwambia ungeniacha nipumzike, kuliko kukubali nipasuliwe kichwa halafu nibaki hivi. Tangu hapo simu zako zimekuwa fupi, unauliza dawa kama zipo kisha unaaga. Ndiyo maana naandika. Kiharusi kilipiga ubongo upande wa kulia, kikapoozesha mwili upande wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kuandikia ninao, na maneno ninayo.

Usiku ule daktari alikueleza ukiwa umechanganyikiwa, basi acha mama yako, mwalimu wa baiolojia, akurudishe darasani. Mshipa mkubwa unaolisha sehemu kubwa ya upande mmoja wa ubongo uliziba. Sehemu iliyokosa damu ikafa, kisha ikaanza kuvimba, na uvimbe wa namna hiyo huwa mkali zaidi kati ya siku ya pili na ya tano. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo ukikosa nafasi unakandamiza shina lake, pale panapoongoza pumzi na fahamu, na mgonjwa anakata roho. Ulichoridhia wewe ni kuondolewa kipande kikubwa cha mfupa, upana wake sentimita 12 au zaidi, na kufunguliwa utando wa ubongo, ili uvimbe upate pa kwenda. Upasuaji huo haufufui kilichokufa. Anayekulaumu kwamba mkono wangu haujapona haelewi ulifanyika kwa ajili ya nini.

Mwaka 2007 madaktari wa Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi waliunganisha matokeo ya wagonjwa 93 wa hali kama yangu, wote wa umri usiozidi miaka 60. Katika kila 100 ambao hawakupasuliwa, baada ya mwaka mmoja walikuwa hai 29. Waliopasuliwa mapema, 78. Sasa soma na upande wa pili, maana sitaki nikufiche. Katika hao 100 waliopasuliwa, 14 walibaki na ulemavu mdogo wakijitegemea, 29 walitembea wenyewe ila walihitaji msaada wa hapa na pale, na 31 hawakuweza kutembea wala kujihudumia bila mtu. Wanne walikuwa wa kitandani kabisa. Kwa sasa mimi nimo katika wale 31. Dada yako ananishika kiuno hadi bafuni, na mazoezi yanaendelea. Namba hizo zilikuwepo kabla hujashika kalamu. Hukuniletea wewe ulemavu huu. Ulichonipa ni kuwa miongoni mwa wale 78.

Je, maisha haya nayataka? Nimejiuliza kwa dhati, na kuna jioni jibu lilikuwa hapana. Nililia sana miezi ya mwanzo, nikadhani ni uchungu wa mama asiyeweza kujifunga kanga. Daktari akaniambia sonona huwapata wengi baada ya kiharusi, nayo ni ugonjwa unaotibika. Dawa zimenisaidia. Leo nikiulizwa, ningeweka saini palepale ulipoweka wewe. Nimeona mwanao akianza kusoma, mwanangu. Ananiletea kitabu, mimi nasahihisha.

Ukija usishtuke. Kichwa upande wa kulia kimebonyea, ngozi imezama pasipo na mfupa, na nikiinuka haraka napata kizunguzungu. Natembea na kofia ngumu, maana nikianguka hakuna kinga pale. Mfupa wenyewe upo: umehifadhiwa chini ya ngozi ya tumbo langu, na utarudishwa daktari akiridhika kwamba uvimbe umeisha na hakuna maambukizi. Wapo wagonjwa ambao nguvu na umakini huongezeka mfupa ukirudi, na natumaini nami nitakuwa mmoja wao, ingawa daktari hakuniahidi.

Jambo moja litakushangaza. Upande wa kushoto ubongo wangu unausahau. Nakula wali nusu ya sahani nikidhani umekwisha, kumbe samaki yuko kushoto. Macho ni mazima. Mtaalamu wa mazoezi anataka watu wanikalie upande huohuo na waniite kutoka huko, ili nijizoeze kugeuka. Kwa hiyo kaa kushoto kwangu, hata nikichelewa kukuona.

Na bibi yako, kwa kuwa presha yake inapanda, naye akipatwa na kiharusi kama hiki: mizani yake si yangu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2014 uliangalia wenye miaka 61 na kuendelea. Kupasuliwa kuliokoa wengi, vifo vya miezi sita ya kwanza vilishuka kutoka takriban 70 hadi 33 katika kila 100, lakini hakuna hata mmoja aliyerudi kujitegemea kikamilifu, na wengi wa walionusurika walibaki na ulemavu mzito. Muulizeni mwenyewe mapema, akiwa na akili timamu, angetaka nini.

Mimi nakwambia langu leo. Kikinipata kiharusi kingine nimeshapita miaka 70, na daktari akasema kikubwa kitakachobaki ni kitanda, nipeni dawa ya maumivu, mniombee, msinipasue. Nimemwambia pia baba yako mdogo, na dada yako amesikia, ili siku hiyo ikifika usisimame peke yako mlangoni na karatasi mkononi.

Mama yako