Barua ya wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu: mwiritsa unamenywa ukiwa hai

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka pembezoni mwa Msitu wa Kakamega kuhusu mwiritsa, mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wanandi tendwet. Wataalamu huuandika Prunus africana. Mbao zake nzito zimetupa mipini na kuni tangu enzi za babu zetu, ila kinachouponza ni gome, linalotafutwa kutengenezea dawa ya tezi dume iliyovimba.

Livunje likiwa bichi, utasikia harufu kali ya lozi. Lakini dawa haiko kwenye harufu. Ndani ya gome mna kemikali kadhaa za mmea: beta-sitosteroli na fitosteroli nyingine, asidi ya ursoliki na ya oleanoliki, pamoja na esta za asidi ya feruliki. Huwezi kukinyooshea kidole kiungo kimoja ukasema hiki ndicho dawa. Ndiyo maana tangu Mfaransa Jacques Debat apate hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya dawa ya gome hili mwaka 1966, wenye vidonge vya tezi dume bado wanatafuta gome lenyewe. (Wazee wetu walilichemsha wakanywa, hataza hawakuisikia.) Uchambuzi wa mwaka 2002 ulikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562, na waliotumia dawa hii walipata nafuu, hata safari za usiku za chooni zikapungua. Hata hivyo, mzee anayekojoa kwa shida aanzie hospitalini, maana saratani nayo huja na dalili hizo hizo.

Mti ukimenywa pande zote, chakula kutoka majanini hakifiki mizizini, nao unakauka ukiwa umesimama. Ukibanduliwa vipande viwili tu vinavyoelekeana, gome hurudi polepole. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, unadhibiti biashara yake ya nje tangu 1995, lakini panga la usiku halisomi mkataba.

Tunachoomba ni vitalu vya miche. Mbegu ya mwiritsa haiwekeki ghalani kwa muda mrefu. Ikikauka sana hufa, kwa hiyo haiwezi kungojea bajeti ya mwakani. Matunda yakiiva, kabla mbega hawajayamaliza, tupe mifuko ya miche na afisa mmoja wa kutufundisha kumenya bila kuua, tena miti iliyofikisha kipenyo cha sentimita 30 pekee. Tutaipanda mipakani mwa mashamba, ambako gome lina mwenyewe wa kulilinda.

Mimi nimeshachimba mashimo 40 upande wa mtoni.

Wako,
Mkulima, Kakamega